Mkalimani Asiye na Ukoo

Abdi na Makena, na wenzenu wote mnaozunguka kaunti hii na simu mkikusanya historia: salaam aleikum kwa wa salaam, na habari zenu kwa wa habari. Juzi mlikuja kwangu hapa Bula Pesa, Isiolo, mkanichezea sauti ya mtoto wa shule wa kijiji cha Biliqo akisimulia historia ya nchi yetu hii kavu, kuanzia watu wa kale waliochimba visima kwenye mwamba hadi lami ya juzi. Anasimulia vizuri huyo mtoto, hana haraka. Halafu katikati akanitaja mimi. Akasema kwamba wakati wa Gaf Daba, yale mateso ya vita vya shifta, mtoto wa kike wa ukoo wao alipotelea kwenye lori, na kwamba miaka mingi baadaye alipatikana, jina lake Rukia, mkalimani wa Isiolo. Mkazima simu. Abdi ukaniuliza, "Mathe, hii stori ni ya ukweli ama? Tuiweke ama tuitoe?"

Nikawaongezea chai. Mkauliza tena, nikawaletea mandazi. Makena ukanikazia macho, nikasema mbuzi wa jirani wameingia kwa mboga zangu, na wewe unajua kabisa mimi sina shamba la mboga. Mkaaga kwa adabu mkaenda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijisema peke yangu humu ndani. Nikisema si kweli, ninajikata kwa watu pekee ninaoweza kuwaita wangu. Nikisema ni kweli, ninavunja kitu ambacho sijakivunja kwenye kazi yangu tangu niianze nikiwa msichana. Sasa nitawajibu. Lakini mimi ni mtu wa kazi, na jibu langu litapitia kwa kazi yangu, kwa hivyo vumilieni. Na kama mnataka kuirithi kazi hii, haitawadhuru kusikia.

Nilipatikana nikiwa mtoto mdogo, soko la mifugo. Lori la ngozi lilikuwa limeshuka kutoka kaskazini na watu wamepanda juu ya ngozi, maana wakati ule ukitaka kutoka huko ulipanda chochote. Watu wakashuka, wakaenda zao, nikabaki mimi kando ya gurudumu. Dereva akasema hajui mtoto ni wa nani. Mama Fatuma, Msomali aliyekuwa na hoteli ya chai karibu na hapo, akanibeba akanipeleka jikoni. Alikuwa mjane hana mtoto.

Wateja wakataka kujua mimi ni kabila gani. Wakafanya mtihani wao. Mborana akanionyesha kikombe cha maji akasema, "Bisan." Msomali akasema, "Biyo." Mturkana akasema, "Ngakipi." Mmeru wa miraa naye hakukubali kuachwa nyuma, akasema, "Ruuji!" Mama Fatuma alikuwa akinisimulia hayo huku akicheka hadi anashika mbavu, eti niliwaangalia wote nikayanywa yale maji bila kusema neno. Nilikaa kimya miezi. Neno la kwanza nililosema ni "chai," na chai ni ya kila mtu, kwa hivyo hawakupata jibu mpaka leo.

Nikakulia katikati ya meza za hoteli ile, na lugha zote hizo zikaingia bila kugonga. Ndiyo maana Mzee Halkano alinichukua. Huyu alikuwa mkalimani wa korti, Mborana mmoja mrefu mwenye koti zito ambalo hakulivua hata jua lilipochoma lami. Alikuwa akinywa chai kwetu kabla ya kesi. Siku moja akanisikia nikigombana na Mturkana kwa Kiturkana, nikimgeukia Mmeru kwa Kimeru, nikimlilia Mama Fatuma kwa Kisomali, yote kwa sababu ya sahani moja iliyovunjika. Akaniuliza, "Msichana, unaweza kugombana hivyo kwa niaba ya mtu mwingine?"

Alinifundisha kazi kwa ukali. Jambo la kwanza, na nyinyi mlishike: usiseme "anasema kwamba." Mzee akisema, "Mimi nilizaliwa kisimani," wewe nawe unasema, "Mimi nilizaliwa kisimani." Hauko pale. Alikuwa akiniambia, "Maneno ya watu ni kama maziwa ya kumpelekea mgonjwa. Usimwage, usionje, usiongeze maji." Siku moja kortini mshtakiwa alimtukana hakimu kwa Kiborana, akamwambia ana masikio ya punda na akili za punda huyo huyo. Halkano akasimama wima, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mheshimiwa, una masikio ya punda na akili za punda huyo huyo." Hakimu alicheka mpaka akavua miwani. Mshtakiwa akaongezewa adhabu hata hivyo, lakini Halkano aliniambia, "Umeona? Sikumwaga."

Kutoka kwa Halkano nikaenda kwa Daktari. Huyu alikuwa mama wa Nairobi aliyekuja kukusanya historia ya kaskazini, msomi mpole mwenye subira. Tulimwita Daktari ingawa hakuwahi kumdunga mtu sindano. Alikuwa na dereva, Kiogora, Mmeru wa kutoka milimani, mtu wa maneno mengi kuliko redio. Sisi watatu tulizunguka nchi hii yote miaka na miaka, na mashine ya kanda ambayo betri zake tulikuwa tunazianika juani kama nyama zipate nguvu kidogo. Leo nyinyi mna simu. Mliniambia hata kutafsiri inatafsiri. Nilijaribu kuisemesha Kiborana cha Biliqo ikaniandikia mambo ya mafua, sijui ilisikia nini.

Makosa nilifanya, tena mapema. Safari ya kwanza kabisa, Daktari alikuwa na maswali yake, na moja likasema, "Una ng'ombe wangapi?" Mimi mtoto wa hotelini nikalibeba vilevile nikamwekea mzee wa watu mbele yake. Mzee akachukua fimbo yake, akainuka, akaenda kuangalia kama mvua itanyesha, na hatukumwona tena siku hiyo. Kiogora akanicheka njia nzima. "Rukia, hata sisi wa miraa tunajua Mborana hahesabiwi mifugo! Wewe umekulia wapi?" Nilikulia kwa vikombe, huko tunahesabu kila kitu. Nilipomwuliza Halkano, akanifundisha namna ya kuuliza: "Mwulize siku hizi watoto wanakunywa nini." Akisema maziwa, asubuhi na jioni, umeelewa. Akisema chai ya rangi, umeelewa zaidi, na hujamwitia mkosi.

Basi jifunzeni hivyo. Anza na amani. Uliza mvua, uliza malisho, uliza mifugo, kisha watoto, na wewe mwenyewe uulizwe yote hayo uyajibu, hata kama huna mfugo wala mtoto. Mimi nilikuwa nikijibu, "Ni amani, ni amani," mifugo amani, watoto amani, mume amani, na sina hata kimoja. Bebeni sukari na majani, na tumbaku ya wazee. Na mzee akisimulia, mwitikie. "Eeh. Ndiyo. Kisha?" Fundi mmoja wa sauti alitoka mjini akanikataza, eti naharibu kanda. Nikanyamaza kama alivyotaka. Mzee akasema maneno matatu, akasimama, akamwuliza mkewe kama yule msichana amekufa. Tukaanza upya na "eeh" zangu.

Sasa swali la Daktari lilikuwa moja tu, na ndilo hilo lenu: nani alikuja kwanza? Aki ya nani, swali hilo limenizeesha. Asubuhi nilikaa na wazee wa Kiborana, nikasema kwa mdomo wangu, "Mimi nilikuja hapa kwanza, visima ni vyangu." Mchana nikakaa na Wasamburu, nikasema, "Mimi nilikuja kwanza, milima inanijua." Kesho yake Wasomali wa mjini: "Mimi ndiye niliyejenga mji huu, kulikuwa na fisi tu." Waturkana: "Barabara hizi ni mgongo wangu uliozibeba." Wameru: "Hapa ni shamba la babu yangu, nyinyi wote mlikuja kununua mahindi." Nimekuwa wa kwanza kwa lugha zote za Isiolo, mimi ambaye sijui hata nilikotoka.

Mzee mmoja tu hakusema hivyo. Alikuwa Mwaata, wale wawindaji na warina asali. Daktari akamwuliza, nikambebea swali: nyinyi mlikuja lini? Mzee akanitazama kama mtu aliyeulizwa lini alianza kuwa na pua. Akasema, "Sisi hatukukuja." Kisha akacheka, akaomba tumbaku.

Nikiwaunganisha wote, historia inakaa hivi. Kulikuwa na wale wa kale, watu warefu ambao hakuna anayekubali kuwa mjukuu wao ingawa kila mtu anakunywa maji yao. Visima vyao viko, na makaburi yao ya mawe yaliyorundikwa yako. Kulikuwa na Waata na pinde zao. Wakaja wenye ngamia, wakaja wenye ng'ombe, wengine kutoka kaskazini, wengine kutoka magharibi, wakapigana, wakaoana, wakaibiana, wakaoana tena. Akaja Mwingereza na askari wake Wasomali, ambao baadaye walipewa mahali pa kukaa hapa mjini. Mwingereza akafunga njia kwa kizuizi, ukawa huwezi kwenda kaskazini bila karatasi, kama vile huko ni nchi nyingine. Ikaja bendera yetu. Ikaja shifta, watu wakakusanywa kambini, mifugo ikafa, na hiyo ndiyo Gaf Daba, wakati kila kitu kilisimama. Ikaja miaka ya mahindi ya njano ya msaada. Kisha lami, kisha kaunti, na sasa boda boda zinazonipigia honi nikienda kununua nyanya. Nimeisema yote hiyo kwa "mimi." Nikirudi nyumbani jioni ulimi umechoka, na katika "mimi" zote za siku nzima hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Mama Fatuma alipokufa ikawa hakuna hata wa kuniuliza kazi ilikuwaje. Nilikuwa nikiweka kikombe cha pili mezani kwa mazoea, nikakiosha kikiwa kisafi.

Mtaniuliza kwa nini sikuolewa. Nilichumbiwa. Alikuwa mwalimu, Mborana wa Kulamawe, mtu wa taratibu. Wajomba zake na baba zake wadogo wakaja hotelini kwa heshima zote. Mzee wao akauliza, "Huyu binti ni wa nani?"

Mama Fatuma akasema, "Wangu."

"Wako tunajua, mama, na Mungu akulipe. Lakini damu yake?"

Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Akaeleza polepole: Borana wana pande mbili, na mtu haoi upande wake. "Sisi hatujui huyu ni upande gani. Labda si Mborana kabisa, hapo hakuna shida kubwa. Lakini labda ni Mborana, na labda ni wa upande wetu. Tukimpa kijana, tutakuwa tumempa dada yake. Tutalala vipi?"

Wakamaliza chai, wakashukuru, wakaenda. Mwalimu alioa msichana wa Garba Tula. Nililia, wanangu, sitawaficha. Nililia mpaka Mama Fatuma akafunga hoteli mchana na wateja wakigonga mlango. Halkano alipokuja akaniambia, "Ndiyo maana utakuwa mkalimani mzuri. Hakuna atakayesema unapendelea kwenu." Maneno hayo niliyachukia miaka mingi, na yalikuwa kweli. Kila pande zilipogombana, walisema, leteni Rukia, yule hana kwao.

Lakini nyinyi sasa mnanielewa. Kila historia niliyobeba, nilikuwa nimeweka sikio la pili. Kila boma tulipofika kwenye habari ya Gaf Daba, nilikuwa nikingoja mtu aseme: na hapo tukapoteza mtoto, msichana, kwenye lori la ngozi. Sikuwahi kumwambia Daktari. Niliitika "eeh, kisha?" kama kawaida. Wakasema ng'ombe waliokufa, wakasema wazee waliokufa, wakasema watoto waliokufa. Habari za waliopotea kwenye lori hawakusema.

Mpaka Biliqo. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Jarso, babu wa mama yake huyo mtoto wa sauti yenu. Siku ya kwanza alitusimulia kambi. Mzee yule alitaja ng'ombe wake waliokufa mmoja mmoja kwa majina na rangi zao, na kila jina lilimkwama. Akakohoa, akaangalia chini, akarudia jina la ng'ombe aliyekwisha kumtaja, bintiye Talaso akamletea maji. Nilikuwa mimi ninayesema "mimi," nami nikakwama pale pale alipokwama.

Tulipomaliza akaniuliza, "Na wewe unayesema maneno yangu vizuri hivi, wa nani?"

Nilikuwa na jibu langu la mchezo. "Mimi ni wa Isiolo, mzee."

"Isiolo ni soko. Nimeuliza watu."

Sijui kwa nini siku ile nilisema. Labda ni wale ng'ombe. Nikamwambia lori, ngozi, gurudumu, Mama Fatuma. Nikamwambia sina watu. Aliondoka akaenda kukaa peke yake upande wa zizi.

Asubuhi alikuwa ameita boma nzima. Wazee wameketi, wanawake wamesimama nyuma, watoto wamenyamazishwa. Daktari akafikiri ni nyongeza ya historia, akawasha mashine. Mzee Jarso akaanza, nami nikaanza naye kama nilivyofundishwa.

"Mimi nilikuwa na ndugu, jina lake Dida. Dida alikuwa na mke, na mtoto wa kike. Tulipofungiwa kambini, mke wa Dida akasema mtoto atakufa hapa, akapanda naye lori la ngozi kwenda Isiolo. Mama akafa njiani. Mtoto hatukumwona tena. Mtoto huyo amerudi. Ndiye huyu mkalimani wenu."

Mdomo wangu ulisema maneno hayo kabla moyo haujafika. Daktari akaweka mkono mdomoni. Kisha, kwa heshima, akazima mashine yeye mwenyewe, na sauti ile hakuwahi kuiweka popote wala kuniuliza habari zake. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikakumbatiwa na watu ambao siwajui majina.

Nami nilijua. Nimesikia historia nyingi, wanangu, najua uzito wake. Jana yake mzee hakuweza kumtaja ng'ombe bila kukwama. Leo ametaja mke wa ndugu aliyekufa njiani na mtoto aliyepotea, na hakukwama hata mahali pamoja. Alisimulia kama mtu aliyejifunza kwa moyo. Wazee wengine walikuwa wakiangalia vidole vya miguu yao.

Nilimfuata Talaso alikokuwa akifukiza chombo cha maziwa kwa moshi. Akaniona, akaendelea na kazi yake.

"Dada, umeamini?"

"Sijui," nikasema.

"Baba mdogo Dida alikufa kijana. Hakuoa." Akageuza chombo moshi uingie vizuri. "Jana mzee amekataa chakula. Amesema mtu hawezi kuingia boma yake, akunywe maziwa yake, aseme maneno yake, halafu aende hivyo hivyo hana watu. Sasa ameamua uko na watu. Utamkatalia mbele ya wazee?"

Kuna mila ya kumchukua mtoto wa mtu na kumfanya wako kabisa, mila nzuri, na Borana wanaiheshimu sana. Lakini ni ya watoto. Sijawahi kusikia ikifanyiwa mama mzima mwenye mvi. Mzee Jarso aliona hana njia ya kunipa kesho, basi akanipa jana.

Nikarudi nikapiga magoti mbele yake. "Baba mkubwa," nikasema, "nimesikia." Akanishika viganja, akanitemea mate ya baraka.

Tulipoondoka, Kiogora aliendesha bila kusema neno tangu Biliqo hadi tumeipita Merti, na huyo ni mtu ambaye akilala huongea. Mwishowe akasema, "Rukia, hata sisi Meru tungekuchukua. Ni vile tu hukuuliza." Nikacheka nikilia, nikamwambia aangalie barabara.

Lakini sikilizeni na upande wa pili, maana huu nimeubeba peke yangu. Kama mzee alitunga, basi walionizaa walikuwa bado huko nje, au makaburi yao. Na tangu siku hiyo sikio langu la pili lilifunga. Nilipoulizwa wa nani, nilijibu, "Wa Biliqo," nikapokewa vizuri, nikaacha kungoja. Labda boma nyingine, mwaka mwingine, mzee fulani alisema habari ya lori nami sikusikia kwa sababu nilikuwa nimeshiba. Siwezi kujua. Kuna siku nakaa hapa mlangoni, hoteli ya Mama Fatuma imekuwa duka la simu, Halkano amekufa, Kiogora amekufa, Daktari amerudi kwao amezeeka, Mzee Jarso amezikwa, na upweke unanikaba mpaka natoka nje nimwamkie mtu yeyote anayepita. Nataka kuuliza mtu mmoja tu: mimi ni nani? Na wote waliowahi kulijali swali hilo wako chini ya udongo.

Sasa mmekuja nyinyi, mkaniuliza swali nililongoja kuulizwa na Daktari, naye kwa huruma hakuuliza. Ni kweli ama si kweli?

Si kweli, Abdi. Dida hakuoa. Mimi si damu ya Biliqo, na mkiiweka ile hadithi kama ilivyo mtakuwa mmeongeza maji kwenye maziwa.

Lakini msiitoe. Ukiitoa umemwaga. Andikeni yote: kwamba katika nchi hii ambayo kila mtu aligombania nani alikuja kwanza, kulikuwa na mzee mmoja aliyekataa chakula kwa sababu mgeni hana watu, akamtungia ndugu yake mke na mtoto, akasimulia mbele ya wazee wenzake wanaojua. Kwamba wazee wale walijua wakanyamaza. Kwamba mkalimani alijua akapiga magoti. Hiyo ndiyo historia iliyotokea, nami ni shahidi wake. Andikeni na jina langu. Yule mtoto wa sauti yenu msimwambie, hiyo ni kazi yangu, nitamwambia kwa mdomo wangu akikua kidogo. Wakubwa wote wa boma lile wanajua na wamejua siku zote. Akizaliwa mtu simu yangu inalia. Akifa mtu inalia. Talaso akigombana na mkwe wake inalia pia, tena hiyo ndiyo inalia sana.

Na Makena, nilisikia ukisema mtarudi Biliqo na gari mwezi ujao kurekodi zaidi. Niambie siku. Kuna harusi huko, mjukuu wa Talaso anaolewa, na mimi niko mbio kutafuta kitambaa. Mkienda mchana mimi sitawangoja, nitatangulia na lori la unga. Bibi harusi ni mtoto wetu, na nyanya yake hafiki pamoja na wageni.